Punda wa Horta: Mark Twain Alipoteremka Kisiwani

Saa tisa za usiku, tarehe 21 Juni 1867, abiria wa meli Quaker City waliamshwa na kuambiwa kwamba visiwa vya Azores vinaonekana. Walikuwa baharini siku kumi na moja hivi tangu waiache bandari ya New York, wengi wao hoi kwa kichefuchefu, na nje bado giza. Mwandishi mmoja kijana aliyekuwamo melini anasimulia kwamba hakuona kisiwa gani kinachostahili mtu kukatiwa usingizi saa kama ile. Akatoka hata hivyo.

Mwandishi huyo alikuwa Samuel Clemens, ambaye wasomaji wa magazeti ya California walishamzoea kwa jina la Mark Twain. Alikuwa na umri wa miaka 31. Nauli yake ya dola 1,250 ililipwa na gazeti la Alta California la San Francisco, naye alipe kwa barua za safari. Barua hizo ndizo zilizozaa The Innocents Abroad, kitabu kilichotoka 1869 na kuuzwa katika uhai wake kuliko kingine chochote alichoandika. Ndiyo, hata kuliko Huckleberry Finn.

Quaker City yenyewe ilikuwa meli ya magurudumu ya pembeni iliyowahi kutumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Sasa ilikodiwa kwa kazi ambayo wakati ule ilikuwa ngeni kabisa. Haikubeba shehena wala wahamiaji. Ilibeba watu wenye nafasi zao, waliolipa ili wazungushwe Ulaya na Nchi Takatifu, washuke hapa siku moja, pale siku mbili, kisha warudishwe kwao wakiwa na la kusimulia. Hebu fikiria: kila mtu unayemwona leo anashuka gatini na kofia ya ukili, chupa ya maji mkononi, amepewa saa sita za kukijua kisiwa kabla king'ora hakijalia, ukoo wake unaanzia kwenye meli ile.

Walipanga kutia nanga São Miguel, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Azores. Dhoruba ikawakatalia, wakageukia Faial (Twain anaandika Fayal), wakatia nanga mbele ya mji wa Horta. Nyumba nyeupe, vilima vya kijani vilivyolimwa mpaka kileleni, mashamba yamekatwakatwa kwa kuta za mawe kama ubao wa dama. Ng'ambo ya mlangobahari unasimama mlima Pico, mita 2,351, mrefu kuliko milima yote ya Ureno. Joto la Juni pale si la kututisha sisi. Ni nyuzi ishirini na kidogo. Ila kwa mtu aliyetoka kwenye chumba kinachoyumba, jua likiwa juu na nchi imetulia chini ya miguu, ilikuwa siku ya kiangazi iliyokamilika.

Sura mbili za kitabu, ya tano na ya sita, zinahusu kisiwa hiki. Nimezisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuzitetea. Kwanza kwa sababu zinachekesha kweli. Wapiga makasia wa Horta wanaparamia meli kwa makelele, na Twain ameshawahukumu kuwa matapeli hata kabla hawajataja bei. Kisha kuna karamu ya bwana anayemwita Blucher, ambaye kwa furaha ya kukanyaga nchi kavu anawakaribisha wenzake tisa chakula. Wanakula, wanavuta sigara, wanakunywa, wanakuwa ndugu. Inakuja bili: reis 21,700. Blucher anageuka rangi. Anaona amefilisika, na nyumbani kwao pia wamefilisika. Kumbe reis elfu moja ni dola moja tu, na deni lote ni dola 21 na senti 70.

Halafu punda. Waswaga punda wanawazunguka wageni wakidai nusu dola kwa saa, na Twain anajua bei ya mjini ni senti 16. Tandiko ni kama kitanda kidogo cha mbao chenye godoro juu yake, pa kuweka miguu hakuna. Punda wa Blucher anajigonga ukutani, anaingia mlangoni mwa mtu, anamtupa mpandaji wake. Nyuma yao wanakimbia waswagaji kwa miguu, wakipiga makelele na kuchoma punda kwa fimbo, na hawaachwi hata hatua. Mwisho wa safari kila mmoja anataka chake: mwenye punda, aliyempiga punda, aliyemsaidia aliyempiga punda, na viongozi wa njia wapatao kumi na wanne ambao hakuna aliyewaita.

Ukisoma hapo usipocheka una matatizo yako. Mimi nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kuwa mmoja wa wale kumi na wanne.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, mwezi wa Januari, Unguja. Wanaoijua kaskazi wanajua jua la Januari linavyokaa juu ya Mji Mkongwe: ukuta unakurudishia joto, chini lami inakurudishia joto, na upepo umezuiliwa na nyumba. Meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga tangu asubuhi. Binamu yangu, mzoefu wa kazi hiyo, akanivuta: "Twende bwana we, leo kuna riziki." Kwa wasiojua, sisi huwaita vijana wa kazi hiyo papasi, yaani kupe, na jina limewaganda kama kupe mwenyewe. Basi nikawa papasi kwa siku moja. Nikawapata mzee mmoja na mkewe, watu wapole, nikawatembeza mpaka Darajani na kurudi kwa bei ambayo mpaka leo naona haya kuitaja.

Mzee yule alikuwa na daftari. Tulipokuwa tunarudi kupitia Malindi akaona wanaume sita saba wamelala barazani, saa sita ya mchana. Akaniuliza, kwa sauti nzuri tu, mbona watu wazima wamelala mchana wote huu. Wale walikuwa wavuvi wa dagaa. Walikuwa wamekesha baharini na taa zao, wameshusha, wameuza, wameswali, ndio kwanza wanapumzisha mgongo. Lakini Kiingereza changu cha siku ile kilikuwa cha kuuzia, si cha kuelezea. Nikasema wanapumzika. Akatikisa kichwa, akaandika.

Miaka baadaye nilipofika sura ya sita ya Twain, nilihisi naisoma ile daftari.

Maana katika sura ya sita Twain anaacha kuchekesha na kuanza kufundisha. Anaanza kwa kukiri jambo la kweli kabisa: kwamba melini mle hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua lolote la maana kuhusu Azores. Ningekuwa mhariri wake ningemwomba aishie hapo. Lakini anaendelea, na ndani ya kurasa chache amekwisha kuwaeleza watu wa kisiwa kizima: wazito, maskini, wavivu, wenye usingizi, waongo, wajinga wasiojua kuwa ni wajinga. Wanalima kwa ubao wenye kipande cha chuma. Kinu cha upepo kina mtu wa kukilisha nafaka na mwingine wa kumwangalia huyo asisinzie. Na anamalizia kwa kusema kwamba ni kisiwa kisichofikiwa na mtu wala kuhamwa na mtu.

Wakati alipoyaona hayo, alikuwa amekaa Horta siku zisizozidi tatu.

Makosa madogo nitayapita haraka. Anasema nchi hiyo ilikuwa na umri wa miaka mia moja Columbus alipoifikia Amerika 1492. Ukweli ni kwamba Faial ilianza kukaliwa katika miaka ya 1460, chini ya Mflemish Josse van Huerter. Anawaona Wajesuiti mjini, ilhali Ureno ilikwisha kuwafukuza tangu 1759. Na kisiwa anachokidhania kuwa nje ya dunia kiliwahi kuwa makazi ya Martin Behaim, mkwe wa huyo van Huerter, aliyetengeneza kule Nuremberg tufe la dunia lililo kongwe kuliko yote yaliyobaki mpaka leo. Haya ni makosa ya msafiri asiye na maktaba, na sote tunayafanya.

Kosa lililonikalisha chini ni jingine, na uzuri wake ni kwamba ushahidi unatoka ndani ya kitabu chenyewe. Turudi kwenye ile bili ya Blucher. Chakula cha watu kumi, reis 6,000. Sigara ishirini na tano, 2,500. Chupa kumi na moja za mvinyo, 13,200. Yaani mvinyo peke yake umekula zaidi ya nusu ya hesabu: chupa moja reis 1,200, sawa na sahani mbili za chakula. Kwa nini mvinyo uwe ghali hivyo katika kisiwa cha Wareno, watu wa mvinyo tangu enzi?

Fungua kurasa chache mbele. Twain mwenyewe anataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba zamani visiwa hivi vilikuwa na mizabibu na mvinyo mzuri wa kuuza nje, lakini ugonjwa uliiua miaka kumi na tano iliyopita. Sentensi moja hivi, au mbili. Halafu anahamia kwenye machungwa. Hakurudi nyuma kuiangalia bili.

Ugonjwa huo ulikuwa kuvu aina ya oidiamu, unga mweupe unaofunika jani na tunda, ulioingia Azores mwaka 1852 na 1853. Pigo kubwa liliangukia Pico, ule mlima wa ng'ambo uliowapendeza sana abiria. Pico haina udongo wa kujivunia. Ina mawe meusi ya volkano. Kwa karne kadhaa watu wake waliyaokota mawe yale na kuyapanga kuta kwa mikono, maelfu kwa maelfu ya vijiua vidogo vya mraba, kila kimoja kinatosha mizabibu michache tu. Ukuta unazuia upepo wa chumvi. Na kuna kazi nyingine: mchana kutwa jiwe jeusi linanyonya jua, usiku linalirudisha taratibu kwenye zabibu. Huko ndiko joto la kiangazi cha Azores lilikowekwa akiba. Mwaka 2004 UNESCO iliziingiza kuta hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mvinyo wake ulisafirishwa kupitia Horta, kwa hiyo duniani ukajulikana kwa jina la Faial, na wenye mashamba wengi waliishi Horta, katika zile nyumba nyeupe.

Oidiamu ikavunja yote hayo ndani ya misimu michache. Mwaka 1858 kulikuwa na njaa. Kwa hiyo Twain alipoteremka 1867 hakuingia katika nchi ya watu waliolala tangu babu zao. Aliingia katika nchi iliyonyang'anywa riziki, na waliompokea gatini walikuwa watu wazima wanaoikumbuka siku riziki hiyo ilipoondoka. Yule kijana aliyekimbia nyuma ya punda huenda babake alikuwa na kijiua cha mizabibu. Anatuambia kibarua wa Horta alilipwa senti 20 hadi 24 kwa siku. Piga hesabu: ile bili iliyomchekesha kila mtu mezani ni mshahara wa siku tisini mpaka mia na nane. Chupa moja ya mvinyo ni siku tano za jasho. Na nusu dola ya punda kwa saa, ule udanganyifu mkubwa, ni siku mbili. Ningekuwa mimi ningeomba dola nzima.

Simtetei mlaghai. Bei niliyomtoza yule mzee pale Darajani ilikuwa ya ulaghai na mama yangu alipoijua aliniambia hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba Twain alikuwa na tarakimu zote mkononi, tena ndiye aliyetuandikia, na hakuzijumlisha.

Sasa lile neno la kwamba hakuna anayekuja wala kuondoka.

Miaka kumi na sita kabla ya Quaker City, Herman Melville alichapisha Moby-Dick, na humo alieleza wazi kwamba meli za kuwinda nyangumi zikitoka Marekani hupitia Azores kujazia mabaharia, kutoka kwa wakulima shupavu wa visiwa vile vya mawe. Haikuwa siri. Horta ilikuwa kituo cha meli za New Bedford na Nantucket kwa miongo mingi: maji, mboga, viazi, na vijana. Vijana wengine waliondoka kwa kificho, usiku, kukimbia kuandikishwa jeshini, mashua ikiwafuata pwani ambako hakuna mlinzi. Waliosalimika na bahari waliishia New Bedford, wakaita ndugu zao, na mitaa ya Wareno wa Azores ikaota huko na haijang'oka mpaka leo. Katika mji huohuo wa Horta waliishi kina Dabney, familia ya Boston iliyoshika ubalozi mdogo wa Marekani kuanzia 1806, baba akamwachia mwana, mwana akamwachia mjukuu, mpaka 1892. Waliuza mvinyo ulipokuwepo, machungwa, mafuta ya nyangumi, makaa ya mawe kwa meli za moshi. Kisiwa kisichofikiwa na mtu hakihitaji mabalozi wa vizazi vitatu.

Na hapa, msomaji wangu wa pwani, njia inakuja mpaka mlangoni kwetu. Meli za namna hiyo hazikuishia Atlantiki; zilizunguka Rasi na kuwinda Bahari ya Hindi. Mwaka 1842 kijana J. Ross Browne alijiunga na moja wapo huko Marekani, akateseka, na mwishowe akaiacha Unguja. Kitabu chake cha 1846, Etchings of a Whaling Cruise, kinabeba kisiwa chetu mpaka kwenye jina lake refu la pili. Melville ndiye aliyekihakiki, mwaka 1847. Wakati Browne anateremka, Wamarekani walikwisha kuwa na balozi wao mdogo Unguja, Richard Waters wa Salem, tangu 1837, na kitambaa chao kilikuwa kinavaliwa mpaka bara kwa jina tunalolitumia bado, merikani. Browne baadaye akaandika vitabu vya safari za kuchekesha kuhusu nchi za Mediterania, na wanaofuatilia historia ya fasihi ya Marekani humtaja kama mmoja wa waliomtangulia Twain katika mtindo huo. Kwa hiyo mcheshi anayeteremka kisiwani na kuwacheka wenyeji alikwisha kupita kwetu, kabla hata Twain hajatimiza miaka kumi.

Hata utani wa habari umezeeka vibaya. Twain anamcheka ofisa mmoja wa Horta aliyeshangaa kupata kwenye magazeti ya New York habari za Lisbon zilizo mpya kuliko zake. Akaambiwa zimepita kwenye waya wa chini ya bahari, akajibu kwamba alidhani waya ule ulishindikana. Watu wakacheka. Naam, jaribio la 1858 lilikufa baada ya wiki chache, na waya uliodumu ulikuwa haujatimiza hata mwaka Quaker City ilipofika. Yule ofisa alikuwa nyuma kwa miezi, wala si kwa karne. Na kuanzia 1893 nyaya zikaanza kuletwa Horta yenyewe, mpaka mji ule ukawa mojawapo ya vituo vikubwa vya simu za Atlantiki, Waingereza, Wajerumani na Wamarekani wakifanya kazi jirani kwa jirani. Ujumbe wa mabara mawili ulipitia kwenye vidole vya watu wa kisiwa kisicho na habari.

Nisije nikaonekana namchukia. Simchukii, ningemchukia nisingerudi kwake. Katika sura ileile anasimama kustaajabia barabara za Faial, zilizotandikwa mawe laini bila tope, madaraja ya upinde yaliyojengwa kudumu, na anawakumbusha watu wa New York kwamba sakafu ya barabara wanayojisifia kuwa uvumbuzi mpya iko hapa tangu miaka mia mbili. Jicho lake lilikuwa zima. Hata mtu wa kwanza anayechekwa katika kitabu chote ni Mmarekani mwenyewe, Blucher na bili yake, mahujaji na kiburi chao. Ila Blucher anachekwa kama mtu: ana jina, ana hofu, ana rafiki. Waswaga punda wanachekwa kwa jumla. Sura mbili nzima, hakuna mtu wa Faial mwenye jina.

Na kuna jambo linalonizungusha kichwa kila nikilifikiria. Mwaka 1905, miaka thelathini na minane baada ya Horta, Twain huyuhuyu alichapisha King Leopold's Soliloquy, kijitabu kikali dhidi ya mfalme wa Ubelgiji kwa mikono iliyokatwa na watu waliouawa kwa ajili ya mpira katika Kongo. Hakuwahi kukanyaga Kongo. Alisoma taarifa za wamisionari, ripoti, alitazama picha, akajumlisha hesabu. Faial alitembea kwa miguu yake, akaona kwa macho yake, akala na kunywa, na akaikosa. Kongo aliijua kwa karatasi tu, na akaipata. Wenzangu wanaoamini kwamba kuona ni kuelewa, nawaachia hilo walitafune.

Faial yenyewe imeendelea kuhamwa. Tarehe 27 Septemba 1957 bahari ilianza kuchemka mbele ya Capelinhos, upande wa magharibi, na volkano ikatoa majivu mpaka Oktoba mwaka uliofuata. Mashamba yalifunikwa, nyumba zikaporomoka, mnara wa taa ukabaki umezikwa nusu, na uko hivyo hadi sasa, watalii wanakwenda kuupiga picha. Marekani ikapitisha sheria mwaka 1958, mmoja wa waliyoipigania akiwa seneta John F. Kennedy wa Massachusetts, kutoa viza 1,500 kwa wakuu wa familia walioathirika. Massachusetts, maana huko ndiko walikokuwa ndugu zao, wajukuu wa mabaharia wa nyangumi. Enzi za Twain kisiwa kilikuwa na watu elfu ishirini na tano hivi. Leo hawafiki elfu kumi na tano. Meli za watalii zina gati lao Horta, na wanaoshuka wana siku moja, kama kawaida.

Kuna kitu kimoja nimekiangalia kwenye ramani. The Innocents Abroad ilichapishwa Hartford, Connecticut, na mwaka 1871 Twain alihamia mji huohuo, akaishi huko miaka ishirini, akajenga jumba maarufu lenye chumba cha kuchezea biliadi. Kutoka Hartford mpaka New Bedford haifiki kilomita mia mbili. Njia ya treni ilikuwapo. Angeondoka baada ya kifungua kinywa, jioni angekuwa kwenye mitaa ya karibu na bandari ambako watu walizungumza Kireno cha Faial na Pico, na huenda miongoni mwao kijana mmoja ambaye mwezi Juni 1867 alikimbia kwa miguu nyuma ya punda, fimbo mkononi, mpaka juu ya kilima na kurudi, na mwisho wa safari akaambiwa yeye hakuitwa, halipwi.